Faili la sekunde arobaini: kisa cha mashine ya kurenda na ya gemu, Kirumba

Kijana mwenyewe ni mpiga video za harusi. Anakaa Kirumba, Mwanza, chumba cha nyuma kwenye nyumba ya mama yake, si mbali na Mwaloni, na siku aliyofika kwangu, fundi wa kompyuta, hakuja na swali. Alikuja na orodha. Prosesa ya Ryzen 7 5700X, kadi ya grafiki ya RTX 4060, RAM ya GB 16, SSD (diski ya kasi) ya GB 500, pawasaplai ya wati 550 yenye jina ambalo sijawahi kulisikia popote, na boksi la vioo pande mbili lenye feni sita za taa. Jumla 3,150,000. Mfukoni alikuwa na 3,200,000: milioni moja na laki mbili zake, milioni mbili za mama yake, hela ya dagaa.

"Kaka, wewe nifungie tu," akaniambia. "Vifaa nimeshachagua."

Orodha haikuwa ya kijinga. Prosesa ile ina koa 8 (vichwa vya kupigia hesabu) na nyuzi 16 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), inakula umeme kidogo, na kadi ile inacheza gemu karibu lolote kwenye kioo cha 1080p. Angekuwa mcheza gemu tu, ningezungumza naye habari ya pawasaplai, tungebishana kidogo, halafu ningemfungia. Lakini gemu ni la jioni, na binamu zake. Kinachomlisha ni harusi. Nikamwambia anipe faili moja linalomsumbua, siyo lolote, lile linalomsumbua zaidi.

Akachomeka flashi. Klipu ya sekunde 40: maharusi wanatembea ufukweni Capri Point, jua linazama nyuma yao, bibi harusi kwenye gauni jeupe na bwana kwenye suti nyeusi. Picha nzuri sana, kijana anajua kazi. Nikaangalia ukubwa wa faili: GB 1.7. Sekunde arobaini! Nikajua tumeshafika kwenye ugonjwa wenyewe.

Anatumia Canon R6. Kamera hiyo ukirekodi kawaida inaandika H.264, njia ya zamani ya kubana video, ya biti 8, rangi za 4:2:0. Ukiwasha Canon Log, mtindo wa kurekodi unaokuachia nafasi ya kurekebisha rangi baadaye, inahamia H.265, njia mpya zaidi ya kubana, ya biti 10, rangi za 4:2:2, bila kukuuliza kama kompyuta yako iko tayari. Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, biti 10 ni ngazi 1,024. Kwenye 4:2:0 pikseli nne zinagawana taarifa moja ya rangi, kwenye 4:2:2 zinagawana pikseli mbili. Ndiyo maana jua lile la Capri Point halikuwa na mistarimistari angani, na gauni halikuungua likawa karatasi. Ila mzigo wote huo kuna kitu lazima kiufungue kila unapobonyeza plei, fremu 50 kwa sekunde, kwa ukubwa wa 4K.

Kijana aliniambia kuwa laptop yake "imechoka" tangu mwaka huu uanze. Nikamuuliza Canon Log alianza kuitumia lini. Akafikiri kidogo, akacheka. Mwaka huu ulipoanza.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kufungua faili la video kuna njia mbili. Prosesa inaweza kupiga hesabu zote yenyewe kwa nguvu, au kunakuwa na kipande kidogo cha silikoni kilichotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, nacho kinaifanya bila kutoka jasho. Kadi za NVIDIA zina kipande hicho, lakini kwenye vizazi vya RTX 30 na RTX 40 (3060 na 4060 zimo humo) hakisomi H.265 ya 4:2:2. RTX 50 ndizo zilizoanza kuisoma. Kinachoisoma siku zote hizi ni kitu ambacho wacheza gemu wanakidharau: ile grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa za Intel, kwa kompyuta za mezani kuanzia kizazi cha 11. Jina lake Quick Sync. Laptop ya kijana ni ya kizazi cha 8, Quick Sync inayo, lakini ya enzi zake, 4:2:2 haiijui. Na Ryzen 7 5700X haina grafiki ya ndani kabisa.

Kwa maneno mengine, kwenye orodha ile ya milioni tatu na ushee hakukuwa na kifaa hata kimoja kilichozaliwa kusoma faili la kamera yake. Kila kitu kingebebwa na prosesa kichwani, kama mpagazi.

Hakuniamini, na alikuwa na haki. Mimi mwenyewe huwa siamini mtu anayenipunguzia koa. Pale kibandani nilikuwa na mashine mbili: moja ya majaribio yenye Ryzen 5 5600 na RTX 3060, nyingine kompyuta ya kawaida ya kazi za ofisi yenye i5-12400, haina kadi yoyote. Nikaweka klipu ileile kwenye Premiere, programu ya kuediti video, kwenye zote mbili.

Kwenye ile yenye kadi, klipu ilicheza, lakini ukivuta kishale kwenye taimlaini picha inabaki nyuma, inaruka, inakufikia baadaye. Prosesa iligonga asilimia 90. Nilipoweka klipu mbili juu kwa juu ikaanza kuganda. Kwenye ile ya ofisi, ile ambayo ungedhani ni ya kuandikia barua, kishale kilikwenda na picha ikakifuata. Prosesa haikufika hata asilimia 20, na kwenye Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kifaa gani kinafanya kazi kiasi gani, mstari wa kufungua video kwenye grafiki ya Intel ukapanda kama mlima. Kijana akakishika kipanya mwenyewe. Akavuta mbele, nyuma, mbele, nyuma. Hakusema kitu kwa muda.

Halafu nikaongeza rangi, nikalainisha ngozi kidogo, nikaondoa chengachenga. Sasa mashine ya ofisi ndiyo ikakata pumzi, na ile yenye kadi ikaendelea kama haijaongezewa kitu. Kufungua faili ni kazi ya mmoja, kulipaka rangi ni kazi ya mwingine. Alihitaji wote wawili kwenye boksi moja.

Njia ya bure nayo ipo na nilimtajia: kutengeneza nakala nyepesi za kila klipu, uediti kwa hizo, mwishoni programu irudi kwenye faili halisi. Ni njia nzuri. Lakini laptop ingetumia usiku kucha kuzitengeneza nakala za harusi moja, na yeye kuna wiki anazo tatu.

Tukaanza upya. Prosesa i5-12400: koa 6, nyuzi 12, wati 65 za kawaida na hadi 117 ikikimbia. Muuzaji wa Kariakoo kwenye simu akatushauri tuchukue 12400F, akasema ni kitu kilekile na tutabakiwa na hela ya soda. Kwa mcheza gemu ni kweli kabisa, ni kitu kilekile. Kwa kijana wangu ile F ndiyo ingeua mpango mzima, maana inamaanisha prosesa haina grafiki ya ndani, na bila grafiki ya ndani hakuna Quick Sync. Nimewahi kuona mtu akirudisha mzigo Dar kwa herufi hiyo moja, kilomita zaidi ya elfu moja kwa basi.

Kadi ya grafiki tulibishana muda mrefu zaidi. Alitaka RTX 4060 na hoja zake zilikuwa za kweli: ni mpya zaidi, kwenye gemu inaizidi 3060, na inakula wati 115 wakati 3060 inakula 170. Mimi nilitaka RTX 3060 ya GB 12, hata ya mtumba, kwa sababu moja tu ya kumbukumbu. 4060 ina GB 8. Kwenye taimlaini ya 4K yenye rangi na kuondoa chengachenga, GB 8 zinajaa upesi, na zikijaa hakuna cha kupungua kasi taratibu: programu inakwambia kumbukumbu ya kadi imejaa na kazi inasimama. Kwenye gemu kioo chake ni 1080p cha hetsi 75, 3060 inakitosha na kubaki. 4060 inaweza pia kuandika AV1, njia mpya zaidi ya kubana video, lakini wateja wake wanachukua harusi kwenye flashi wakaichomeke kwenye runinga ya sebuleni, na runinga ya sebuleni inataka H.264. RTX 5060 inasoma 4:2:2 na ingetuondolea kichwa cha Quick Sync, ila nayo ni GB 8, na kwa bei tuliyoambiwa ingemeza hela ya UPS, ile betri inayoshika mashine umeme ukikatika.

Tukapata 3060 hapahapa mjini, mtumba, laki sita na elfu hamsini. Sikukubali kuinunua kwa kuangalia tu. Kwanza kuna 3060 za GB 8, zina jina lilelile na njia nyembamba ya kumbukumbu, biti 128 badala ya 192, kwa hiyo nilikwenda na mashine ya majaribio na kusoma namba kwa programu, siyo kwa stika. Skrubu za nyuma zilikuwa hazijachubuka. Kuzunguka chipu za kumbukumbu hakukuwa na mafuta yaliyovuja kutoka kwenye pedi, dalili ya kadi iliyochemka miezi mingi ikichimba sarafu za kidijitali. Nikaibana kwa mzigo dakika 40. Joto likasimama nyuzi 74, lakini feni moja ikaanza kulia, krr, krr, kama kuna punje ya mchanga. Muuzaji akasema ni kawaida. Nikamwambia kama ni kawaida basi na elfu thelathini kupungua ni kawaida. Tukaondoka nayo kwa 620,000.

Vingine vilipita haraka. Mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ya B660 yenye nafasi nne za RAM na inayotumia RAM ya DDR4, kwa kuwa ile mpya ya DDR5 ingeongeza bei kwa faida ambayo asingeiona. RAM ya GB 32, vipande viwili vya 16. SSD ya NVMe ya TB 1 kwa kazi inayoendelea, hadidiski ya TB 4 kwa kuhifadhi. Kipoozi cha elfu sabini badala ya kile kinachokuja na prosesa, maana chumba chake mchana kina joto la kuivishia ndizi.

Kabla ya kutoa hela yake, mama alitaka kuniona. Nikaenda jioni. "Mwadila, mayu." "Mwadila." Akanikaribisha kiti, akaendelea kuchambua dagaa kwenye ungo, akauliza swali moja ambalo hakuna tovuti ya vifaa inayoliuliza: "Hiyo CPU, umeme ukikatika inakufa?" (Anaita boksi zima CPU, kama tunavyoita wengi.) Nikamwambia inaweza kufa, na hata isipokufa kazi ya masaa inaweza kupotea. "Basi hela ya taa toeni," akasema. "Wekeni ya umeme."

Boksi la vioo likafa pale kwenye ungo wa dagaa.

Mama alikuwa sahihi kuliko mwanawe na mimi. Radi za ziwa huku wote tunazijua, zinakuja usiku, na usiku ndio muda mashine inarenda, yaani inatengeneza video ya mwisho ya mteja. Hesabu ya umeme ilikuwa hivi: kadi 170, prosesa 117, diski, feni na mazabodi tuseme 60. Karibu wati 350 mashine ikikamuliwa. Kwa pawasaplai nikachukua ya wati 650 ya kampuni inayojulikana, yenye cheti cha 80 Plus cha kutopoteza umeme mwingi, kwa sababu kadi za aina hii huvuta mshtuko wa umeme kwa nukta ya sekunde kupita kiwango chake cha kawaida, na pawasaplai dhaifu huzima papo hapo au, mbaya zaidi, haizimi.

UPS ndiyo watu wanayodanganyika. Ile ndogo ya VA 650 inayouzwa kila mahali haimaanishi wati 650, mara nyingi ni wati 360 au 390 hivi. Ukiiwekea mashine hii na kioo, umeme ukikatika una dakika moja au mbili za kusema Mungu wangu. Tulichukua ya VA 1500 yenye kirekebisha volti, 390,000, na nikaijaribu na pawasaplai yenyewe kabla ya kulipa, kwa kuchomoa waya ukutani mashine ikiwa kwenye mzigo. Kuna UPS ambazo umbo la umeme wake wa betri halipatani na baadhi ya pawasaplai za kisasa, mashine inazima palepale kana kwamba UPS haipo. Hii ilishika.

Boksi jipya lilikuwa jeusi, la wavu mbele, lenye kichujio kinachotoka kwa kuvutwa. Feni mbili zinavuta mbele, moja inatoa nyuma, ili hewa iingie nyingi kuliko inayotoka na vumbi lisipenye kwenye nyufa. Na siyo vumbi tu. Wanaokaa karibu na maji wanawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kufuata mwanga. Nimeshafungua mashine ya mteja mmoja wa Igombe nikakuta zulia lao kwenye kipoozi, laini, la kijivu, linanuka samaki. Ndiyo sababu nyingine sikulilia taa za feni.

Hesabu yote na nauli ya mzigo ikafika 3,060,000. Iliyobaki, 140,000, ndiyo iliyokuwa ya fundi.

Nilifunga Jumamosi, nikajaribu gemu, nikajaribu joto, nikaondoka kifua mbele. Jumatatu saa tatu usiku simu: "Kaka, inakwama vilevile."

Nikadhani anatania. Nikapanda bodaboda. Nikakuta kweli: klipu ya Capri Point, kishale kinakwenda, picha inabaki nyuma, prosesa juu kabisa. Nikaangalia Task Manager, nikaona grafiki moja tu, RTX 3060. Ya Intel haipo. Haipo kabisa, kama vile tulinunua ile F.

Nilihisi joto la masikio. Nikatoa boksi la prosesa nikasoma tena herufi kwa herufi, 12400, hakuna F. Ndipo nikakumbuka kitu nilichopaswa kukifanya Jumamosi kabla ya kitu kingine chochote. Mazabodi nyingi zikiona kadi ya grafiki imechomekwa huizima ile ya ndani ya prosesa zenyewe, kwa kuwa zinadhani huihitaji. Nikaingia BIOS, mipangilio ya mazabodi yenyewe, nikatafuta mstari wa iGPU, yaani grafiki ya ndani, umekaa kwenye "Auto", nikaugeuza kuwa "Enabled", nikahifadhi, mashine ikawaka. Windows ikaiona grafiki ya pili, nikaiwekea draiva, nikaingia Premiere na kuhakikisha alama ya kufungua video kwa Intel imewekwa. Kijana akashika kipanya. Mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Pale pale nikaona na jingine: RAM ya 3200 ilikuwa inakimbia 2133, sikuwa nimewasha XMP, mpangilio unaoiachia RAM ikimbie kasi yake kamili. Makosa mawili ya dakika mbili, na yote ni yangu. Nilikuwa nimejaribu gemu kwa sababu gemu linafurahisha kulijaribu, lakini sikujaribu lile faili lililotuleta pale. Mama yake akaniletea wali na dagaa, hakuuliza kilichotokea, na mimi sikueleza.

Miezi miwili baadaye nilimwomba anipe muda wa kazi. Harusi ya Sengerema, ile waliyovuka daraja jipya la Kigongo hadi Busisi na gari la bwana harusi, video ndefu ya saa moja na dakika arobaini. Kwenye laptop kazi ya urefu huo alikuwa anaiacha jioni na kuikuta asubuhi, kama haikufeli. Sasa ilitoka kwa dakika 52. Umeme umekatika mara kadhaa katikati ya kurenda, na UPS imemvusha au imempa nafasi ya kuhifadhi na kuzima. Kwenye LUKU anasema anaona tofauti, na ni lazima aione: wati 350 kwa masaa sita ni zaidi ya uniti mbili, zilizokuwa hazipo.

Kilichobaki kibaya ni diski. Kwa Canon Log ya 4K fremu 25, kamera ile inaandika megabiti 170 kwa sekunde, sawa na GB 76 kwa saa. Kwa fremu 50 ni mara mbili, GB 153. Harusi moja anarudi na GB 300 hivi, kwa hiyo TB 4 zinabeba harusi kumi na mbili, kumi na tatu, na kila moja ina nakala moja tu, kwenye diski moja inayozunguka. Nilimwambia hela ya kwanza itakayoingia inunue diski ya pili, ikae kwa mama, mbali na mashine.

Wiki iliyopita nimepita kumsalimia. Hela imeingia. Kwenye boksi kuna feni tatu mpya za taa, zambarau na kijani, na kichujio cha mbele kimekuwa cha kijivu. Nikakivuta, nikakitingisha dirishani. Diski ya pili, akasema, mwezi ujao.